Ini Halikutajwa

Istaravshan, 4 Aprili 2010

Mdogo wangu Oyniso,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Barua hii nimempa Pulod dereva akukabidhi mkononi, asimwachie mtu mlangoni. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumba hii inakaa kwa mkwe wangu, na ukiongea nayo uani wanakusikia mpaka majirani wa ng'ambo ya mfereji.

Nimeichana karatasi mara tatu, hii ni ya nne. Nina jambo la mwili. Najua wewe ni nesi wa wodi ya upasuaji na umeshaona wanaume wa kila namna, lakini mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kukuvusha mto ukienda shule, kwa hiyo soma taratibu na usinifikirie vibaya.

Nikienda haja kubwa natoa damu. Ilianza kabla ya harusi ya mwanao Komron, sasa umepita mwaka. Nilidhani ni bawasiri, kwa vile nimekaa kwenye kile kigoda cha uhunzi miaka arobaini. Lakini siku hizi haja yenyewe inatoka nyembamba kama penseli, na suruali zinanivuka. Savri anadhani ni uzee. Nguo zangu za ndani nazifua mwenyewe kiwandani, kwenye ndoo ya kupozea visu, kisha nazikausha juu ya tanuri mlango ukiwa umefungwa. Mtu wa miaka hamsini na tisa, babu wa wajukuu watano, anajificha kama mwizi.

Nitumie dawa ya kupaka iliyo kali zaidi. Na tafadhali, usimwambie mtu.

Kaka yako,
Mirzokul


Dushanbe, 7 Aprili 2010

Kaka Mirzokul,

Dawa ya kupaka sikutumii. Jumamosi panda gari la Pulod uje. Mwambie Savri unakuja kumwona mtoto wa Komron, ambaye kweli hujamwona, kwa hiyo utakuwa hujasema uongo. Kuanzia Alhamisi kula supu tu. Mambo mengine utaelezwa hapa, na mimi nitasimama nje ya mlango kama hutaki niwepo.

Tangu nisome barua yako nakumbuka jambo moja. Siku ya harusi ulinivuta pembeni ukaniambia ukikaa panauma. Nilikuwa na wali wa watu mia tatu jikoni. Nikakujibu mbele ya wakwe, "Kaka, punguza pilipili, huo ni uzee unabisha hodi." Wakacheka wote, nawe ukacheka. Miaka ishirini na mbili nimevaa koti jeupe, na ndugu yangu aliponiambia panauma nikamfanyia mzaha.

Njoo Jumamosi.

Oyniso


Istaravshan, 19 Juni 2010

Mdogo wangu,

Wiki tano zimepita tangu mnikate. Mshono umepona vizuri. Nakula, nalala, jana nimepanda ngazi kukagua paa.

Lakini huu mfuko. Uliniambia nitauzoea, nami nakwambia mtu hazoeani na choo kilichofungwa tumboni. Unaunguruma wenyewe. Juzi jirani Ergash alikuja na mikate ya tanuri, tukakaa kwenye kitanda cha uani kunywa chai. Akanusa huku na huku, akasema, "Mzee, mmeanza kufuga mbuzi ndani?" Nikacheka naye. Alipoondoka nikaingia chooni, nikakaa humo mpaka Savri akaja kugonga.

Msikitini siendi. Ijumaa sita sasa. Nitasimamaje safu moja na watu, nikijua ninachobeba chini ya joho? Nimemwambia imamu mgongo unauma. Unaona nimekuwa mwongo hata kwa imamu.

Sasa nijibu jambo moja. Manzura, yule nesi rafiki yako wa zahanati, amekwisha kunitundikia dripu mbili. Baada ya dripu, nikishika chuma baridi vidole vinapigwa kama nimeshika waya wa umeme. Mhunzi wa visu asiyeweza kushika kisu ni mhunzi wa nini? Uliniambia kidonda cha utumbo kimetolewa chote. Kama kimetoka chote, dripu ni ya kutibu nini? Na mfuko utaondolewa lini?

Mirzokul


Dushanbe, 25 Juni 2010

Kaka,

Kidonda cha utumbo kimetoka chote. Hilo ni kweli tupu, na daktari mwenyewe ameliandika.

Dripu ni ya kusafisha. Mtu akikatwa utumbo hubaki na uchafu kwenye damu, na dawa ile inausafisha. Ziko sita, moja kila baada ya wiki mbili. Vaa glavu za sufu, usinywe maji baridi. Ukimaliza zote utakuja tukupige picha ya tumbo, kisha tutazungumza habari ya mfuko.

Maliza zote sita, kaka. Nakuomba. Usiniulize sana mambo ya kitaalamu, nami si daktari.

Komron anakusalimu. Mtoto ameota meno mawili.

Oyniso


Istaravshan, 14 Agosti 2010

Wifi Oyniso,

Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe mwandiko. Kaka yako hajui kama nakuandikia.

Dripu ameacha. Alitundikiwa ya tatu mwezi uliopita, vidole vikafa ganzi, akaangusha kisu kikamkata mguu. Tangu siku hiyo Manzura akija anamwambia, "Dada, nimeshakuwa safi, kamsafishe mwingine." Anacheka, anapiga nyundo kutwa nzima, amenenepa kidogo. Watu wanasema amepona, nami natamani kusema hivyo hivyo.

Lakini wifi, mimi si mtoto. Chupa za dripu zinakuja zimebanduliwa karatasi. Nilimuuliza Manzura ni dawa gani, akaangalia viatu vyake, akasema muulize Oyniso. Sasa nakuuliza. Mume wangu anaumwa nini? Kama ni kitu cha kumlazimisha amalize, niambie nimlazimishe. Nimeishi naye miaka thelathini na sita, najua pa kumshika.

Wako,
Savri


Dushanbe, 18 Agosti 2010

Wifi yangu Savri,

Usijitie wasiwasi, ni dawa za kawaida baada ya upasuaji, na karatasi huwa zinabanduka kwa maji ya barafu. Mwambie amalize tu. Kama amekataa kabisa, basi mwezi wa kumi aje kwenye picha, tutaona.

Nakubusu.
Oyniso


Dushanbe, 12 Oktoba 2010

Kaka Mirzokul,

Barua hii isome ukiwa peke yako, kisha mpe Savri. Nimemdanganya na yeye.

Juzi ulipokuja kupigwa picha ulikaa kwenye benchi ya ukumbini ukila zabibu, ukawa unamchekesha mama mmoja wa Kulob. Mimi nilikuwa ndani na daktari, tunaangalia ini lako. Nilipotoka nikakwambia, "Mambo si mabaya, kaka, nenda nyumbani." Ukanipa zabibu zilizobaki. Nilizila nikiwa nimesimama, kwa sababu ulikuwa unanitazama.

Ulichokuwa nacho utumboni ni saratani. Ugonjwa huu wanaupima kwa hatua nne. Ya kwanza bado uko kwenye ngozi ya ndani ya utumbo. Ya pili umeutoboa ukuta. Ya tatu umeingia kwenye matezi ya jirani. Ya nne umesafiri mpaka kwenye kiungo kingine. Damu yote ya utumbo hupita kwenye ini kwanza, ndiyo maana aghalabu hutua hapo. Wewe ulikuja ukiwa hatua ya nne. Nilijua tangu Aprili, kabla hujakatwa.

Sasa nakwambia lililo baya zaidi. Mwezi wa Mei vidoa kwenye ini vilikuwa vitatu, vyote upande wa kulia, kila kimoja kama punje ya njegere. Daktari akaniita akanambia, "Mwambie kaka yako hii ni hatua ya nne, lakini yake bado ina mlango." Mpango ulikuwa dripu sita kuvipunguza, kisha Septemba akukate ule upande wa ini. Ini huota tena, kaka, hukua upya. Wagonjwa kumi wa namna hiyo wakikatwa vidoa vyote vikatoka, kiasi cha wanne wako hai baada ya miaka mitano.

Dripu ile ndiyo iliyokuwa mlango. Mimi nikakwambia ni ya kuondoa uchafu. Nilizibandua karatasi za chupa kwa kucha zangu hizi. Ulipoacha, sikuweza kukwambia kwa nini usiache bila kulitaja ini, na ini sikulitaja. Savri aliniuliza waziwazi. Nikamwandikia habari za maji ya barafu.

Sasa vidoa ni saba, pande zote mbili. Daktari anasema kisu hakifai tena.

Utasema ni desturi yetu, mgonjwa haambiwi, hata mama tulimficha. Nilijiambia hivyo kila siku. Si desturi, kaka. Ningekwambia ini ungeniuliza tangu lini, nami ningerudi pale jikoni kwenye harusi, kwenye pilipili na kicheko cha wakwe. Nilikuwa naona haya. Ili nisione haya mbele yako, nimekupotezea miezi mitatu.

Sijui namna ya kumaliza barua hii.

Oyniso


Istaravshan, 2 Novemba 2010

Oyniso,

Ameisoma kiwandani. Nilisikia nyundo imenyamaza, nikaenda. Alikuwa amekaa, karatasi iko magotini. Akanipa. Nilipomaliza akasema, "Chai iko wapi?" Nikamletea chai. Hakuinywa.

 Siku ya tano akaniambia, "Savri, nieleze, wewe pia ulikuwa unajua?" Nikaapa sikujua. Akalia, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya baba yenu.

Nilikwenda kwa imamu bila ruhusa yake, nikamweleza habari ya mfuko. Nilijifunika uso kwa shela, nikaongea na ukuta. Imamu akasema huyo ni mwenye udhuru, atawadhe kwa kila sala na sala yake ni sawasawa na ya mtu mwingine yeyote, na kwa nini tulimwacha akakaa nyumbani nusu mwaka kwa jambo la kuulizwa dakika moja.

Nimekasirika, wifi. Nilikuuliza. Sina zaidi.

Savri


Istaravshan, 21 Novemba 2010

Oyniso,

Pulod anasema theluji imeanza kule juu, njia itafungwa wiki yoyote. Kwa hiyo nakuandikia leo, ingawa bado sijatulia.

Kwanza la harusi. Umekuwa ukilikumbuka nusu. Baada ya mzaha wa pilipili ulinifuata mpaka penye mlango wa ghala. Ulikuwa na mwiko mkononi. Ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Kuna damu?" Mama wa bibi harusi alikuwa hatua tatu nyuma yako, ameshika sinia. Nikasema, "Hakuna." Umesahau kwa sababu nilikujibu ulichotaka kusikia, ukarudi kwenye wali wako. Uliniuliza vizuri kabisa. Aliyedanganya ni mimi, kwa kumwonea haya mwanamke ambaye hata jina lake silikumbuki. Hilo livue, si lako.

La pili ni lako. Uliniacha nikamtania Manzura eti akasafishe mwingine. Manzura alijua. Daktari alijua. Yule anayepiga picha alijua. Kila mtu alijua habari za ini langu isipokuwa mimi ninayelibeba. Ungeniambia, ningevumilia vidole. Nimeshika makaa tangu nikiwa na miaka kumi na saba, unadhani ningeshindwa na baridi ya chuma? Ningefunga kiwanda nikakaa kwenye godoro mpaka zote sita ziishe. Mimi nilikataa dawa ya uchafu. Dawa ya saratani hakuna aliyeniuliza kama naikataa.

Nimesema na Manzura. Kuanzia Jumatatu naanza tena. Safari hii chupa zije na karatasi zake.

Nataka namba. Kisu hakifai tena, nimeelewa. Bila kisu ni muda gani? Usiandike habari za Mungu ndiye ajuaye. Hilo nalijua.

Mirzokul


Dushanbe, 27 Novemba 2010

Kaka,

Namba ni hizi. Bila dawa yoyote, miezi sita mpaka tisa. Kwa dawa, ikikukubali, watu wengi hufika mwaka na nusu, au miwili. Kati ya kumi, mmoja huivuka miaka mitano, na madaktari wenyewe hawajui ni yupi. Wachache mno, dawa ikivipunguza sana vidoa, huangaliwa upya kama kisu kinawezekana. Siwezi kukuahidi hilo.

Dalili za kuangalia ni macho kuwa ya njano, tumbo kujaa maji, kukosa hamu ya chakula. Ukiona mojawapo usimfiche Savri.

Chupa nimempa Pulod, zina karatasi zake.

Uliniambia nilivue lile la harusi. Nimejaribu. Nashukuru. Kwa lile jingine sikuombi kitu.

Oyniso


Dushanbe, 11 Machi 2011

Kaka Mirzokul,

Nilikuona ukipita kwenda kupigwa picha wiki iliyopita, wewe na Savri. Nilikuwa ghorofa ya pili, dirishani. Nilikuwa na zamu, nitasema hivyo, lakini ningeweza kushuka.

Ndani ya barua hii kuna bahasha ya matokeo. Imefungwa. Kila mtu hapa angeweza kunisomea, na daktari aliniita ofisini kwake mara mbili. Nikamwomba aifunge kwa gundi na atie muhuri wake juu. Yaliyomo ni yako. Yameandikwa kwa Kirusi, nacho unakijua vizuri kuliko mimi tangu ulipokuwa jeshini.

Oyniso


Istaravshan, 17 Machi 2011

Mdogo wangu Oyniso,

Bahasha tuliifungua mezani mimi na Savri, baada ya kifungua kinywa. Niliona muhuri uko mzima. Kesho yake tukaenda Khujand, kuna daktari mmoja mkali pale, akatusomea mstari kwa mstari. Kwa hiyo safari hii ni mimi ninayekupa habari, na nakupa zilivyo.

Vidoa vilikuwa saba. Sasa vinaonekana vitano, na vikubwa vimepungua karibu nusu. Bado viko pande zote mbili. Mahali pengine hakuna kipya, mapafu ni safi. Hatua ni ile ile ya nne, haishuki hata vidoa vikipungua, nilimuuliza. Kisu hapana. Nikamuuliza muda, akamtazama Savri kama anayeomba ruhusa. Nikamwambia, "Dokta, mwenye ini ni huyu hapa." Akanijibu kama ulivyoandika wewe, mwaka na nusu, pengine miwili tangu nilipoanza tena, kukiwa na bahati, zaidi. Nimeshatumia miezi mitatu na ushee ya muda huo. Savri aliuliza kama nitaumwa sana mwishoni. Dokta akasema zipo dawa, tusizionee haya.

Msikitini nimerudi. Nasimama pembeni, karibu na mlango, kwa ajili ya mfuko tu. Siku ya kwanza uliunguruma katikati ya rakaa ya pili. Mzee wa kulia kwangu akanong'ona baada ya salamu kwamba tumbo lake hufanya hivyo hivyo akila dengu. Sikumwambia kitu.

Jambo la Ergash. Alikuja kiwandani Jumanne na kisu cha kunoa. Nikakishika, kina makali ya kunyolea ndevu. Akakaa. Akaongelea bei ya viazi, akaongelea theluji. Mwisho akasema bila kunitazama, "Mirzo, ile damu yako, ilikuwa nyekundu au nyeusi?" Nikaweka nyundo chini; nadhani Savri alimdokezea mkewe. Nilimweleza yote, mpaka habari ya ndoo. Ni mara ya kwanza kumsimulia mwanamume mwenzangu, na masikio yalikuwa yananiwaka moto. Atakuja kwako Jumamosi na Pulod. Atakwambia amekuja kununua vipuri. Mpokee hivyo hivyo, kisha umpeleke ndani.

Sasa sisi wawili. Savri anasema nikuandikie kwamba nimekusamehe, maana Navruzi, mwaka mpya wetu, inakuja. Sijakusamehe. Nakwambia kwa sababu tumekwisha kudanganyana vya kutosha. Nikishika kisu kilicholala nje kwenye baridi, vidole vinapigwa umeme na nakumbuka Julai, nakukasirikia. Halafu nakumbuka ulivyokuwa ukilala mgongoni kwangu njiani mpaka unanidondoshea udenda shingoni, na hasira haiondoki, inakaa tu na hilo pembeni yake.

Ulisimama dirishani ghorofa ya pili ukatuangalia tukipita. Usifanye hivyo tena. Njoo. Savri amekwisha kutandika magodoro chumba cha mbele, naye ana maneno yake ya kukwambia, jiandae. Njoo nikugombeze ana kwa ana, ulie, ujibu, tugombane kama watu wa tumbo moja, kisha tule. Nikiondoka na hasira hii kabla hujaisikia kinywani mwangu, utaachiwa yote uibebe peke yako, na hilo sitaki.

Kaka yako,
Mirzokul